Usiku wa Vyakula wa Pasaka: Mwongozo Kamili kwa Miji Midogo ya Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka, wiki inayofuata Pasaka, simu zinaanza kuingia. Mmoja yuko Makambako, mwingine Mafinga, mwingine hapa hapa Tukuyu, na kisa ni kile kile: tulikodi turubai, tukaita kirikuu (vigari vidogo vya mizigo) tano za chakula, muziki ukafungwa, watu wakaja, halafu saa 2 usiku mambo yakaharibika. Chipsi zimelegea. Foleni haisogei. Mvua imeshuka. Chenji hakuna. Wateja wanarudi nyumbani na njaa, wauzaji wanarudi na hasara.

Nikiuliza walipika nini, naelezwa kwa kirefu, hadi kachumbari ilivyokatwa. Nikiuliza kwa nini walichagua usiku ule na si mwingine, au turubai lilikuwa linamwaga maji upande gani, kimya.

Kupika kitamu tunaweza, mama lishe wa stendi yoyote kanda hii atakutoa jasho kwa utamu. Kinachotuangusha ni tarehe, maji ya mvua na mwendo wa kuhudumia. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye hayo matatu na kupita haraka kwingine. Kipimo nilichotumia ni mji mdogo, wateja kama 300, vituo sita au saba vya chakula, usiku mmoja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujamwambia mtu

- Turubai zito mbili za kufunika vituo, moja ya akiba. Nailoni nyepesi ya kufunikia magunia isikudanganye, upepo wa Makambako unaichana kama karatasi.
- Nguzo za miti, kamba za katani au manila, jembe na sururu.
- Mabanzi ya mbao kutoka kiwanda cha kupasua mbao, na moramu au kokoto kidogo.
- Jenereta, petroli kwenye dumu lenye kifuniko, waya mzito wa nje, na taa za kuchaji za akiba, angalau moja kila kituo.
- Majiko: gesi kwa chipsi na chai, mkaa kwa nyama na mahindi.
- Karai mbili za chipsi zenye mifuniko ya chuma. Mfuniko ni lazima, utaona kwa nini.
- Ndoo za mchanga mkavu, na kizima moto kimoja cha poda ambacho mshale wake bado uko kwenye kijani.
- Ndoo zenye koki za kunawia, sabuni, na maji ya kutosha. Mimi huhesabu lita 500 kwa usiku, na sijawahi kubakiza nyingi.
- Mifuko ya karatasi na vyombo vya kuoshwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, usijitafutie faini kwa ajili ya chipsi za elfu mbili.
- Chenji. Tutafika.

## Hatua ya 1: Chagua usiku, si sikukuu

Hapa ndipo wengi wanapofeli wiki tatu kabla ya kuwasha jiko.

Pasaka haina tarehe moja. Ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hiyo haiji kabla ya 22 Machi wala haivuki 25 Aprili. Kuhesabu kwa mwezi kumetoka kwenye Pasaka ya Kiyahudi, ambako ndiko jina lenyewe limetoka. Mwaka 2026 ni tarehe 5 Aprili, mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi, mwaka 2028 ni tarehe 16 Aprili. Kwetu huko kuhamahama ni suala la mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na Aprili ndiyo kilele chake. Iringa mjini haifikii hata nusu ya hiyo, na mvua zake hukata mapema zaidi. Mtu wa Iringa anaweza kufurahia Pasaka inayochelewa. Mtu wa Rungwe, yaani huku Tukuyu, hana pa kukimbilia, ajipange tu.

Sasa usiku upi?

Ijumaa Kuu, hapana. Ni siku ya mfungo na kimya, Wakatoliki hawali nyama, na hata asiyefunga haoni vizuri kuonekana kwenye mishkaki na muziki siku hiyo. Mwaka mmoja jirani yangu alijaribu. Aliuza soda.

Jumamosi, kwa tahadhari. Kuna mkesha. Watu wanaingia kanisani jioni na wakitoka wanataka kulala.

Jumapili, ndiyo. Sababu ni Jumatatu ya Pasaka kuwa sikukuu ya kitaifa, kwa hiyo hakuna anayewahi kazini kesho yake. Lakini kuna mambo mawili ya kujua. La kwanza, ukanda huu una Wamoravian wengi, na wao asubuhi ya Pasaka huamka usiku wa manane kwenda ibada ya alfajiri makaburini. Mtu aliyeamka saa 10 alfajiri hatakungoja saa 5 usiku. Fungua saa 12 jioni, funga saa 4.

La pili ni kwamba watu hawa wameshakula. Pilau ililiwa nyumbani saa 8 mchana, na wageni walikuwepo. Wanakuja kutembeza watoto, kuonana na ndugu waliotoka Dar, kutafuna kitu. Usiwauzie sahani ya kushibisha mkulima. Wauzie vipande: mishkaki miwili, nusu chipsi, muhindi, kikombe cha supu. Nilipopunguza sahani na bei, mauzo ya usiku yalipanda, maana mtu mmoja alikuwa anapita vituo vitatu badala ya kimoja.

Angalia pia kalenda ya Waislamu. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi, katikati ya Ramadhani. Mwaka wa namna hiyo weka uji, tende na supu tayari jua linapozama, la sivyo umepoteza nusu ya majirani zako.

*Onyo kuhusu mwezi.* Kuna wanaoniambia, "Kaka, taa za nini, Pasaka si mbalamwezi?" Mwezi mpevu unakuwa umeshapita. Kila siku inayopita mwezi huchelewa kuchomoza kwa kama dakika 50. Mwaka 2026 Jumapili ya Pasaka inakuja siku tatu baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo utauona saa 3 usiku hivi, kama mawingu yameruhusu. Mwaka 2027 ni siku sita baada, na utachomoza ukiwa umeshafunga biashara. Jua letu mwanzoni mwa Aprili huzama kama saa 12 na robo tatu. Kuanzia hapo uko gizani.

*Umefanikiwa kama:* unaweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini ni usiku ule na saa zile.

## Hatua ya 2: Vibali, wiki tatu kabla

Anza kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, wao ndio wanajua uwanja ni wa nani hasa. Kisha afisa afya wa halmashauri, afisa biashara, polisi kwa ajili ya mkusanyiko, na kama kuna muziki ofisi ya utamaduni. Kila muuzaji aje na cheti chake cha kupimwa afya. Usimkubalie anayesema "nitapima wiki ijayo", maana afisa afya akipita usiku ule anafunga uwanja mzima, hafungi kituo kimoja.

Zungumza na makanisa ya jirani pia. Si kibali cha kisheria, lakini spika yako ikianza wakati ibada ya jioni haijaisha umeshapoteza wateja wa mwaka kesho.

## Hatua ya 3: Uwanja

Nenda uone uwanja mvua ikinyesha. Si baada ya mvua, wakati inanyesha. Simama na mwavuli dakika kumi uangalie maji yanapita wapi. Hapo panapopita maji hapawekwi jiko, hapawekwi waya, hapawekwi foleni.

Udongo wetu wa Rungwe ni wa volkano, unazaa chai na ndizi, na ukilowa unateleza kama sabuni. Mabanzi ndiyo dawa: yapange njia ya foleni na mbele ya kila kituo, mgongo wa banzi ukiwa chini, na moramu kwenye mianya. Mafinga wana maranda ya mbao kila kona na wanapenda kuyamwaga kwenye tope. Yanasaidia kwa saa moja, ila yakikauka karibu na jiko la mkaa ni moto. Yaweke njiani tu.

Panga vituo kwa umbo la herufi U, mdomo ukiangalia barabara, kirikuu zikiupa mgongo upepo. Kwa nini U? Kwenye mstari mnyoofu mteja anaishia kituo cha pili. Kwenye U anaviona vyote akiwa amesimama katikati.

Kitimoto kaa nacho mwisho kabisa wa upande mmoja, na kiwe na karai lake, kisu chake, ubao wake, mhudumu wake na kibao kinachosomeka. Mbeya bila kitimoto watu watalalamika, lakini Muislamu akiona koleo moja linazunguka vituo viwili hatakula hata muhindi. Na yuko sahihi.

## Hatua ya 4: Turubai

Hapa nitakaa.

Mwaka wangu wa kwanza tulifunga turubai bapa, kama dari. Lilipendeza. Saa 1 na nusu usiku mvua ikaja, ile ya Tukuyu isiyopiga hodi, na turubai likaanza kuota tumbo. Dakika kumi baadaye tumbo lilikuwa kubwa kama la ng'ombe mwenye mimba, linaning'inia juu ya kituo cha chipsi. Kijana mmoja akachukua mti wa ufagio akalisukuma kwa chini ili maji yamwagike pembeni. Pembeni palikuwa na karai.

Kikombe kimoja tu cha maji kiliingia. Mafuta yakainuka kama maziwa yanayofoka, yakavuka ukingo, yakaangukia mkaa, na mwali ukapanda hadi kwenye turubai. Aliyetuokoa ni mama wa supu wa kituo cha pili. Hakupiga kelele. Alichukua sufuria kubwa tupu, akaifunika juu ya karai, akasogea nyuma. Moto ukafa. Tulipoteza lita kumi za mafuta na nyusi za kijana wa chipsi.

Sababu ni hii: maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Yakizama chini ya mafuta ya moto yanalipuka kwenda juu na kubeba mafuta. Ndiyo maana moto wa mafuta hauzimwi kwa maji, kamwe. Funika, zima gesi, na kama hauna mfuniko tumia kizima moto, au mchanga kwa mafuta yaliyomwagika chini. Namba ya Zimamoto ni 114, iandike kwenye kila kituo.

Sasa ufungaji wenyewe:

1. Simamisha nguzo mbili ndefu, moja kila mwisho, na uvute kamba nene kati yake. Huo ndio uti wa mgongo wa paa.
2. Tandaza turubai juu ya kamba lining'inie pande zote mbili kama paa la nyumba. Kwa turubai la upana wa mita 6, kamba ya katikati iwe juu ya kingo kwa mita 1 au zaidi. Chini ya hapo tumbo litaota.
3. Vuta kingo kwa kamba na mambo (vigingi) zilizochomekwa kwa kuinama, zikilipa mgongo turubai. Mambo iliyosimama wima hung'oka udongo ukilowa.
4. Chimba mtaro wa kina cha kiganja chini ya kila ukingo, uuelekeze mteremkoni.
5. Majiko yote yakae chini ya kamba ya katikati, si chini ya ukingo. Na yawe na nafasi ya kutosha juu yake. Kama unaweza kugusa turubai ukiwa umesimama kando ya karai, liko chini mno.
6. Mtu mmoja awe na kazi moja tu usiku mzima: turubai. Hauzi, hachomi. Akiona tumbo linaanza, anasimamisha mapishi ya kituo hicho kwanza, karai linafunikwa, ndipo anamwaga maji.

*Umefanikiwa kama:* ukimwaga ndoo ya maji juu yake mchana, yote yanafika mtaroni na hakuna yaliyobaki. Jaribu, usikisie.

## Hatua ya 5: Gawana menyu

Ukiacha kila mtu aamue, utapata vituo vitano vya chipsi na kimoja cha chipsi na soda. Waite wauzaji wote siku kumi kabla na mgawane. Mgao wangu: chipsi vituo viwili, mishkaki kimoja, samaki kimoja, supu na chapati na chai kimoja, mahindi ya kuchoma kimoja, na kitimoto pembeni.

Wapo wanaotaka kupamba kwa sungura na mayai ya rangi waliyoyaona kwenye simu. Pambeni mkitaka, watoto watafurahi. Ila mambo hayo ni ya Ulaya, ambako Pasaka huja majira ya kuchipua, baridi ikiwa inaondoka. Mayai yalikuwa yanakatazwa wakati wa Kwaresima, kuku wakaendelea kutaga, siku ya Pasaka yakawa mengi, basi yakawa sherehe. Kwetu Aprili ni kinyume. Baridi ndiyo inaingia, na shambani kuna mahindi mabichi. Uza hicho. Muhindi uliochomwa, wa moto mkononi, usiku wa nyuzi 15, hauhitaji tangazo.

Mambo machache ya haraka kuhusu vyakula vingine:

Wali na maharage. Tukuyu ni kama mita 1,500 na ushee juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Maharage yatachukua muda zaidi kuliko aliyetoka Kyela, kule chini ziwani, alivyozoea. Loweka usiku mzima, anza kuchemsha asubuhi.

Samaki. Wanapanda kutoka Kyela na Matema. Wafike wakiwa kwenye barafu au wameshakaangwa. Samaki aliyesafiri kwenye kiroba juani usimpokee hata akiwa wa shemeji yako.

Nyama. Iive hadi ndani, isibaki rangi ya waridi kwenye mfupa. Kilichoiva kikae juu ya moto mdogo au kwenye hotipoti, kiwe kinachoma ulimi. Chakula kilicho tayari kuliwa kikipoa na kuzidi saa 2 hewani, tupa. Usiku wa baridi watu husahau, wanadhani baridi ni friji.

Kachumbari. Oshea nyanya kwa maji yaliyochemshwa au kutibiwa, na itengenezwe kidogo kidogo. Ni msimu wa mvua, visima vinachafuka, na homa ya matumbo haijui sikukuu.

## Hatua ya 6: Chipsi zisizolegea

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu linaanzia sokoni.

Viazi. Machi na Aprili vingi vinakuwa vimetoka kuvunwa. Sugua kiazi kwa kidole gumba. Ganda likivuka kirahisi, hicho ni kichanga, kina maji mengi, kitakuletea chipsi nyeusi nje na mbichi ndani. Tafuta vyenye ganda lililokaza. Vyenye rangi ya kijani tupa, ni sumu. Na pima kwa kilo. Ukinunua lumbesa kwa macho hutajua umenunua nini wala umeuza nini.

Kilo 1 ya viazi, ikishamenywa na kukaangwa, inabaki karibu nusu kilo ya chipsi. Sahani ya gramu 250 inakula nusu kilo ya viazi vibichi. Sahani 200 ni kilo 100. Ongeza kilo 10 za viazi vibovu, vipo kila gunia.

Mafuta. Tumia yaliyosafishwa. Alizeti ya kukamua mtaani ni tamu kwenye mboga, lakini kwenye karai la usiku mzima inatoa povu na moshi mapema.

Sasa fuata hivi:

1. Katakata unene wa kidole cha mwisho, vyote sawa. Vinene na vyembamba pamoja, vimoja vitaungua.
2. Osha maji mawili au matatu hadi yawe maangavu. Unaondoa wanga, ambao ndio unaofanya zishikane, na sukari inayozifanya ziwe nyeusi.
3. Kausha kwa kitambaa safi. Usiruke hatua hii. Umeshasoma maji yanafanya nini kwenye mafuta.
4. Saa 10 jioni, kaanga mara ya kwanza kwenye mafuta ya moto wa wastani, nyuzi 150 hivi. Kipimo bila kipima joto: tupia kipande kimoja, kizame, kitoe mapovu polepole, kisha kiibuke juu baada ya sekunde kadhaa. Dakika tano au sita, zilainike bila kubadilika rangi. Epua, tandaza kwenye sinia pana, zipoe.
5. Mteja akifika, kaanga mara ya pili kwenye mafuta makali, nyuzi 180 na kidogo. Hapa kipande kinaelea papo hapo na kuchachamaa. Dakika mbili au tatu.
6. Usirundike. Karai la lita 10 za mafuta lipewe kilo 2 za chipsi kwa mara moja. Ukimwaga tano, mafuta yanapoa, chipsi zinakunywa mafuta badala ya kukaangwa, na hilo ndilo "kulegea" mnalolalamikia.
7. Zikitoka, chumvi hapo hapo, na zisifunikwe. Mvuke ukifungiwa ndani ya hotipoti unazilainisha kwa dakika tano. Nyama inafunikwa, chipsi hazifunikwi.

*Umefanikiwa kama:* ukitikisa sinia zinalia, chakacha-chakacha, kama mbegu kavu kwenye kibuyu. Zikianguka kimya, rudia mafuta makali.

Na sasa chipsi mayai. Zege ni tamu, lakini ni mwizi wa foleni. Kikaangio kimoja, mteja mmoja, dakika tano. Watu kumi ni dakika 50, na wa kumi alikuwa na mtoto. Iweke kituo kimoja tu, yenye vikaangio vitatu na dada mmoja asiyefanya kingine, na foleni yake iwe tofauti na ya chipsi kavu.

## Hatua ya 7: Umeme

Fundi wa kweli aje mchana. Maungio ya waya yasiguse ardhi, yainuliwe kwenye nguzo na yafungwe yasipate maji. Jenereta likae hatua ishirini kutoka kwa watu, chini ya kibanda chake kilicho wazi pande zote, moshi ukienda mbali na vituo. Petroli haiongezwi likiwa linanguruma wala likiwa la moto. Taa ziwe juu ya mikono ya mpishi na juu ya kibao cha bei. Spika ipate kinachobaki.

## Hatua ya 8: Foleni na pesa

Kituo chenye watu watatu, mmoja anapika, mmoja anafungasha, mmoja anapokea pesa, kinatoa sahani 35 hadi 40 kwa saa. Nimekaa na saa mkononi nikahesabu. Wateja 300 wakija kati ya saa 1 na nusu na saa 3 na nusu, na kila mmoja akinunua mara moja na nusu, ni sahani 450 kwa saa mbili. Vituo sita vinaweza, kwa tabu kidogo. Vinne haviwezi, hata wapishi wawe malaika.

Kituo chenye mtu mmoja anayekaanga, kufungasha na kutafuta chenji mfukoni hakifiki hata sahani 15. Mkono ulioshika noti unashika chipsi pia, na afisa afya anaona. Kwa hiyo sharti langu kwa wauzaji: hakuna watu watatu, hakuna kituo.

Bei zote ziishie kwenye elfu. Muhindi 1,000, nusu chipsi 1,000, sahani 2,000, samaki 3,000 na kuendelea. Mishkaki ya 500 iuzwe miwili miwili. Umeondoa tatizo la sarafu kabla halijazaliwa. Hata hivyo kila kituo kianze na chenji ya 50,000 kwa noti za elfu na elfu mbili, itafutwe Alhamisi, maana Ijumaa na Jumatatu benki zimefungwa na Jumamosi kila duka linatafuta noti hizo hizo.

Lipa namba iandikwe kubwa, isomeke kutoka nyuma ya foleni, na jina litakalotokea liandikwe pia ili mteja asisite. Mpokea pesa athibitishe kwenye simu ya kituo, asikubali kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja. Watu wa kughushi meseji nao wanasherehekea Pasaka.

Gharama za pamoja, yaani turubai, jenereta, ulinzi, choo na usafi, zijumlishwe na kugawanywa sawa kabla ya siku. Mfano zikifika 210,000 na vituo ni saba, kila kimoja 30,000, ilipwe Alhamisi. Ukisubiri kukusanya baada ya mauzo utawatafuta watu hadi Mei Mosi.

## Hatua ya 9: Kufunga

Saa 3 na nusu muziki ushuke, si uzimwe. Watu wanaelewa wenyewe. Bodaboda mliowaita wasogee kwenye lango, familia zenye watoto zitangulie.

Mkaa unamwagiwa maji hadi uache kutoa sauti, kisha unakorogwa na kumwagiwa tena. Jivu linaloonekana limekufa juu lina kaa hai chini, na upepo wa alfajiri unalijua. Gesi ifungwe kwenye mtungi, si kwenye jiko tu.

Mafuta yaachwe yapoe hadi asubuhi, yakiwa yamefunikwa na yakilindwa. Ndipo yachujwe kwa kitambaa. Kama bado ni ya rangi ya asali yanatumika tena. Kama ni meusi, mazito, au yanatoa povu yakipata moto, yamekwisha. Yachanganye na maranda kwenye ndoo na uyapeleke dampo. Yasimwagwe mtaroni, ule mtaro uliouchimba unaishia kwenye shamba la mtu.

Kabla hamjaachana, kaeni dakika kumi chini ya turubai, kila kituo kiseme kiliishiwa nini na saa ngapi. Andika kwenye kipande cha boksi: mahindi yaliisha saa 2 na dakika 40, samaki walibaki kumi na wawili, supu iliombwa hadi mwisho. Likunje boksi hilo, liweke pamoja na kamba.